Vifuu Tisa na Mji Nilioutoa

Umenionyesha gazeti lenye miraba myeupe na myeusi, ukanieleza kwamba neno moja hulala na jingine husimama, na pale yanapokutana hayana budi kukubaliana. Ulidhani unanifundisha jambo geni. Chukua kalamu, mjukuu wangu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, wala sijui herufi hii ni ipi na ile ni ipi, lakini fumbo la kulala na kusimama nililicheza kabla baba yako hajazaliwa, kwetu Kilwa Kisiwani, wakati wa Mwingereza, na lilinipotezea mji mzima. Andika kama ninavyosema. Usinipambie.

Sisi hatukuwa na maneno ya kuandika, basi tulitumia vitu. Mtegaji alikaa peke yake chumbani, akatafuta vitu tisa vidogo vya kawaida, akavipanga juu ya mkeka safu tatu, kila safu vitu vitatu, na kila kitu akakifunika kwa kifuu cha nazi. Kisha akawaita wafumbuaji. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuu kabla hakijafumbuliwa. Mtegaji alipitisha kiganja juu ya safu moja ya kulala, akatoa fumbo moja ambalo ni kweli kwa vitu vyote vitatu vilivyomo. Akafanya hivyo kwa safu tatu za kulala, kisha kwa safu tatu za kusimama. Mafumbo sita, vitu tisa. Kila kitu kina mafumbo mawili, moja linakivuta huku na jingine linakivuta kule, nacho kimekaa pale yanapokutana.

Nikupe mfano. Safu ya kulala inasema: tumezaliwa baharini na hatujui kuogelea. Utafikiri kauri, utafikiri jiwe. Safu ya kusimama inasema: tunaitwa kwenye kila chakula, lakini peke yetu hatuliki. Utafikiri pilipili, utafikiri ndimu. Sasa weka kidole pale zinapokutana. Ni chumvi. Kauri imeanguka, pilipili imeanguka, imebaki chumvi peke yake, nawe unashangaa ulikuwa wapi.

Sharti lilikuwa moja: fumbo lisiseme uongo. Lipinde utakavyo, lakini lisiseme uongo. Na wafumbuaji wakishindwa, hata kwa kifuu kimoja, humpa mtegaji mji, kama ilivyo katika vitendawili vyote. Mtegaji huuchukua, husema alivyokwenda huko na alichokula, ndipo hufunua. Mji uliokwisha kutamkwa haurudi ila kwa fumbo jingine, wala hutoi mji usio wako.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye mkeka. Alicheza alasiri, kwa kuwa fumbo la vifuu linataka mwanga, na ukimwambia kwamba mafumbo ni ya usiku alikujibu kwamba usiku ni wa kulala. Alikuwa ameishika Kivinje, ameishika Lindi, Mikindani na Songo Songo, na miji hiyo aliikumbuka yote, na aliyempa kila mmoja, na kwa kifuu gani. Kwa watu wengine ulikuwa mchezo wa wanawake waliokaa kusuka ukili wa mikeka. Kwake haukuwa mchezo.

Mwaka huo nilikuwa nimevunja ungo, nami nikapewa nafasi mkekani pamoja na wakubwa. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nguo. Tangu udogo nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, nikijua majibu na kutoruhusiwa kuyasema.

Ndipo wifi yangu, mke wa kaka, alipokaribia kujifungua, na mama yake akaja kutoka Sudi; binti akazaliwa, na mama huyo akakaa kumlea mzazi mpaka arobaini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na jicho lililokuwa halikosi kitu. Siku ya kwanza aliviona vifuu vimepangwa penye ukuta, akauliza, "Mkwe, nyinyi nanyi mnategana?"

Bibi akasema, "Tunategana kidogo."

"Hata sisi kidogo," akasema yule mgeni, na nikaona wote wawili wanatazama pembeni ili wasicheke.

Kwa juma moja walipimana. Mgeni alitegwa akafumbua; alitega yakafumbuliwa. Siku ya nane tangu mtoto azaliwe, mgeni aliomba mkeka, akaingia nao chumba cha pili. Bibi akanigeukia mbele ya shangazi yangu na wanawake wengine, akasema, "Leo wewe ndiwe utakayesema kwa niaba yetu. Tutashauriana, lakini jibu litatoka kinywani mwako, na ikibidi mji, utautoa wewe."

Sasa nakwambia jambo ambalo sikumwambia bibi mpaka alipokuwa mzee sana. Nilipopita kuchukua maji nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Nilimwona mgeni akiweka vitu, mkono wake ukienda na kurudi, na pale katikati kabisa aliweka kifuu bila kuweka kitu chini yake. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Nikaondoka nikijua kwamba yule mama wa Sudi ni mwongo.

Tukaitwa. Vifuu vinane tulivifumbua kabla kahawa haijapoa. Kikabaki kile cha katikati. Safu yake ya kulala ilisema: tunaingia nyumbani bila kupiga hodi. Upande mmoja alikuwamo sisimizi, upande wa pili mchanga. Safu yake ya kusimama ilisema: tumepita motoni, na moto haukutumaliza. Juu kulikuwa na chokaa, chini kigae cha chungu.

"Jivu!" akasema shangazi. "Likipeperushwa linaingia, na limetoka motoni."

"Jivu ndilo lililomalizwa na moto," akasema mgeni. "Umenipa maiti, nami nimetaka aliye hai."

"Basi moshi."

"Moshi wako, dada, utakubali kukaa chini ya kifuu na kuningoja mpaka ninywe kahawa?"

Wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Alikunja paji akanitazama, akanong'ona, "Tafuta taratibu. Kipo." Lakini mimi sikuwa natafuta. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba hakipo. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo hata leo nikiikumbuka naona haya:

"Chini ya kifuu hicho hakuna kitu. Nakupa mji huu huu tulioukalia, nakupa Kilwa nzima na magofu yake. Na kifuu kikiwa kitupu, utatupa Sudi."

Bibi alikuwa ameinua mkono kunizuia, mkono ukabaki hewani. Hakuna mtu aliyewahi kutoa mji anaokaa. Ukiutoa mji unaokaa unakuwa mgeni nyumbani kwako.

"Una hakika, binti yangu?" akauliza mgeni, tena kwa huruma.

"Nina hakika."

Akavuta pumzi. "Nimekwenda Kilwa, nimekaribishwa. Nimekula pweza wao, nimelalia mikeka yao, nimewakuta watu wazuri sana, ila pua zao zimelala." Akakiinua kile kifuu, akakigeuza, akampa bibi akinuse.

Kilikuwa kimefukizwa udi. Alikuwa amekifunika juu ya chetezo mpaka kikashiba, kisha akakiweka juu ya mkeka kikiwa kimeifungia harufu ndani yake. Harufu haipigi hodi. Udi umepita motoni, mti wake ukaisha, harufu ikabaki. Fumbo halikusema uongo hata kidogo. Mtu yeyote angesikia harufu ile hatua tatu kabla ya kukaa, isipokuwa sisi, kwa sababu nyumba yenye mtoto mchanga hufukizwa asubuhi na jioni, na kwa siku nane tulikuwa tumeivuta harufu hiyo hata hatukuisikia tena.

Bibi alinipa kile kifuu, akasema bila kupaza sauti, "Hutakaa tena mkekani hapa. Ukitaka kutega, utatega umesimama, na ukitaka kusikiliza, utasikiliza umesimama, mpaka uturudishie Kilwa. Akiondoka nayo baada ya arobaini, utasimama mpaka uolewe."

Bibi hakuwa mtu wa kutishia. Alisema jambo alilolikusudia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, ufagio mkononi. "Hodi, mwenye mji," akaita. "Naomba ruhusa ya kufagia uwanja."

Sauti ya mgeni ikatoka ndani. "Fagia, mkwe, lakini usiwashtue kuku wangu."

"Kuku wako?"

"Wa Kilwa wote."

Bibi akafagia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Aliomba ruhusa ya kuteka maji, ya kuanika mpunga, ya kumkaripia shangazi. Watu walikuja kutazama. Shangazi, aliyekuwa mtani wa dunia nzima, alikwenda kuomba ruhusa ya kupiga chafya, akakatazwa, akaizuia mpaka machozi yakamtoka. Wengine walifurahi. Mimi nilisimama penye ukuta, miguu ikiniuma, nikiuangalia mgongo wa bibi.

Nikaanza kutega. Fumbo la kwanza nililitafutia vitu vigeni: kipande cha kigae chenye rangi ya samawati nilichokiokota magofuni, jino la papa, kifungo cha shaba cha koti la askari. Mgeni alivitaja vyote huku akimkanda mtoto kwa mafuta. Alipomaliza akasema, "Binti huyu anadhani kigumu ni kile kisichoonekana kila siku. Kisichoonekana kila siku ndicho watu wanachokikumbuka."

Fumbo la pili nililiiga lake. Nilisugua karafuu ndani ya kifuu, nikakiweka kitupu. Hata sikumaliza mafumbo sita. Alivuta pumzi mara moja, akasema, "Karafuu," na akaniuliza kama nina jingine, maana mchana bado mrefu.

Usiku ule nililala mapema, sikuwa na la kufanya. Lakini asubuhi lilinijia swali ambalo halikuniacha tena, nalo halikuwa swali la mji. Nilitaka kujua kwa nini hatukuisikia harufu. Pua tulikuwa nazo. Harufu ilikuwapo. Sasa kilichokosekana ni nini?

Nikamwendea wifi yangu kitandani, nikamwuliza, "Unasikia harufu gani humu?"

Akanusa. "Hakuna harufu. Labda ya mtoto."

Nikatoka mpaka nje, akapita mwanamke aliyetoka Masoko, ng'ambo ya maji, kuuza mihogo. Nikamwuliza swali lile lile kabla hata hajatua kapu. "Udi!" akasema. "Udi mpaka kwenye kuta. Nani kazaa?"

Nikamshukuru, sikununua muhogo, akaniona mwehu. Tangu hapo nilizunguka nyumba nikiuliza kila kitu kama mtu aliyeingia leo. Niliuliza kizingiti kina urefu gani, nikagundua kwamba nimekiruka maisha yangu yote bila kujua. Niliuliza kuku wangapi, nikakosea. Nilimwuliza shangazi ni jicho gani la bibi lililo dogo kuliko jingine, akafikiri sana akasema yote sawa, na sivyo. Ilinishangaza mno. Watu wenye macho walikuwa wanaishi ndani ya vitu wasivyoviona, si kwa kuwa vimefichwa, bali kwa kuwa vilikuwa vikitumika.

Basi nikaanza kumtazama mgeni. Yeye haoni nini? Kwa siku nyingi sikupata. Aliona uzi umelegea kwenye nguo ya mtu, aliona chungu kimehamishwa. Mwezi ukaenda. Zikabaki siku tatu.

Siku hiyo nilikuwa jikoni nikikuna nazi. Shangazi alikuwa akivihesabu vifuu vya mchezo, kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa amechukua kimoja na kukirudisha. Akasema, "Vitu tisa mkekani, vifuu tisa, vimetimia." Nikaacha kukuna. Vitu tisa mkekani? Vitu tisa na vifuu tisa ni vitu kumi na vinane! Kwa miaka yote ile, kila mtu aliyekaa pale alitazama vitu kumi na vinane, akahesabu tisa.

Nikamwachia shangazi ile nazi nusu.

Alasiri nilitandika mkeka, nikapanga, nikamwita mgeni. Bibi alikaa mbali kidogo na sindano yake, anashona ukili, hanitazami. Nikasimama penye ukuta, nikatoa mafumbo yangu sita. Safu ya kulala ya katikati ilisema: hatukufaa kitu mpaka tulipotolewa matumbo. Safu ya kusimama ya katikati ilisema: tunafunika, wala hatujui tunachokifunika.

Mgeni alifumbua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alitaja ng'onda, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa. Alitaja kibuyu kidogo cha wanja. Alitaja kipande cha ushungi, na ganda la karanga lenye karanga ndani. Vinane. Kikabaki cha katikati, kati ya ng'onda na kibuyu, kati ya ushungi na karanga.

"Kawa la kufunikia chakula," akasema, kisha akajikatiza mwenyewe. "Hapana, kawa haliingii hapo, wala halina tumbo. Ganda la yai."

"Ganda la yai likitolewa tumbo hutupwa," nikasema.

"Kweli." Akainama. "Kombe la konokono?"

"Konokono alikijua alichokifunika. Alijifunika mwenyewe."

Shangazi akapiga makofi. "Leo kuna moto!"

Mgeni hakumsikia. Alitazama darini, alitazama vyungu, alitazama kapu, alitazama mikono ya bibi. Aliizunguka nyumba nzima kwa macho, akarudi mkekani, na huku anafikiri kidole chake kilikuwa kikigongagonga mgongo wa kifuu cha kando, kilichokwisha kufumbuliwa, taratibu, tok, tok. Aliuliza kama ni harufu. Nikasema si harufu, kina uzito. Akauliza kama kimo humu nyumbani. Nikasema kimo. Bibi alikuwa ameacha kushona.

Mwishowe mgeni akaketi wima. "Nimeshindwa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wote tulijua kinachofuata. Alikuwa na haki ya kutoa mji wowote alioushika, na alikuwa na mingi. Angeweza kunipa mji wa Mtama, nami ningekwenda kung'oa mihogo. Nilitazama midomo yake tu.

"Kilwa sikupi," akasema.

Nikaegemea ukuta.

"Mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa hapa. Mtu hagawi mji aliozaliwa mjukuu wake. Nakupa mji wangu, nakupa Sudi."

Shangazi akapiga ukelele ambao nadhani ulivuka maji. Nami nikajikaza, nikasema kama inavyotakiwa, ingawa Sudi nilikuwa sijaiona kwa macho: "Nimekwenda Sudi, nimekaribishwa. Nimekula kamba wao, nimekunywa maji ya kisima chao, nimewakuta watu wenye macho makali sana, ila hawatazami kilicho chini ya vidole vyao."

Nikainama, nikafunua. Chini ya kifuu palikuwa na kifuu. Kidogo, cha nazi ndogo, nimekisugua mpaka kikang'aa.

Mgeni alikitazama, akakitazama kile alichokuwa akikigonga, akaweka mkono kifuani akacheka mpaka mtoto akaamka chumbani. "Nilikuwa nakibishia hodi!" akasema. "Wallahi, nilikuwa nakibishia hodi, na sikukiona!"

Nikamgeukia bibi. Alikuwa amekichukua kile kifuu kidogo, anakizungusha kwenye mwanga. Uso wake haukuniambia kitu.

"Fumbo ni zuri," akasema. "Lakini niliyoitaka ni Kilwa. Sudi sikuitaja. Utasimama."

Wanawake wakaguna. Mimi nikabaki nimesimama, maana alikuwa amesema kweli. Hivyo ndivyo alivyosema siku ile ya kwanza. Mgeni ndiye aliyenitetea.

"Mkwe," akasema, "mji huu ni wa nani?"

Bibi akajibu, "Ni wako."

"Kila asubuhi unaniomba ruhusa ya kufagia uwanja?"

"Nakuomba."

"Jana uliniomba ruhusa ya kuanika mpunga?"

"Nilikuomba."

"Basi mbona hukuniomba ruhusa ya kumsimamisha mtu penye ukuta, mwezi mzima, katika mji wangu?"

Bibi akaweka kile kifuu chini. Alikuwa ameishika sheria ile siku thelathini bila kuivunja hata mara moja, na sasa sheria ilikuwa imesimama mbele yake ikimtazama.

"Akae," akasema mgeni.

Bibi akavuta mafungu yake ya ukili kwake, moja moja, polepole, mpaka pakapatikana nafasi upande wake wa kulia. Hakunitazama. Alipigapiga mkeka kwa kiganja mara moja. Nikakaa.

Baada ya arobaini mgeni alirudi kwao na Kilwa yake, na hatujairudisha mpaka leo. Hayo wajue na watoto wako. Sudi nayo haikudumu nami. Siku ile ile, mara tu mashua ya mgeni ilipoondoka, bibi alitandika mkeka, akanipangia vifuu tisa, akanikalisha mbele yake peke yangu. Nilifumbua vinane. Cha tisa, kile cha pembeni karibu na goti lake, nilikitafuta mpaka adhana ya Maghribi, nikashindwa, na mji niliokuwa nao ulikuwa mmoja tu.